Programu Inaposema "Tayari" na Kazi Haikufanyika
Somo kwa makatibu, wahasibu na mafundi wa kompyuta wa vyama wanachama



Chama kilichohamisha daftari la wanachama kutoka kwenye karatasi na kuliweka katika seva kimepata wepesi wa kazi, lakini papo hapo kimejitwika wajibu mpya. Kitabu cha karatasi hakibadiliki tabia usiku wa manane. Seva hubadilika, kwa sababu hapana budi programu zake zipandishwe toleo mara kwa mara ili kuziba matundu ambayo wezi hupitia. Na mara nyingi ni asubuhi ya siku inayofuata ambapo katibu hugundua kwamba taarifa za malipo hazichapiki, picha za vitambulisho hazipunguzwi ukubwa, au faili la akiba la usiku halina kitu ndani.

Somo hili linahusu aina moja ya hitilafu hizo, nayo ni ile inayotokea pale ambapo skripti ya tovuti hutuma amri ya nje na amri hiyo ikakwama baada ya seva kupandishwa toleo. Tumeichagua kwa sababu ina hila: hitilafu nyingi hupiga kelele, lakini hii aghalabu hunyamaza. Skrini huandika "Tayari" na kazi haikufanyika.

MADHUMUNI YA SOMO

Akimaliza somo hili, msomaji aweze:
(a) kueleza amri ya nje ni nini, na kwa nini huweza kukwama baada ya seva kupandishwa toleo;
(b) kukusanya ushahidi kabla ya kubadilisha chochote;
(c) kutambua sababu zinazotokea mara nyingi na dawa ya kila moja;
(d) kukataa njia za mkato zinazohatarisha mali ya wanachama;
(e) kuhakikisha kwamba kazi imefanyika kweli, wala si kuandikwa tu kwamba imefanyika.

1. AMRI YA NJE NI NINI?

Skripti ya tovuti ni kama karani aketiye ofisini. Kazi nyingi huzimaliza mwenyewe: kujumlisha kilo, kusoma hesabu ya mwanachama, kupanga majina. Kazi nyingine hana ufundi nazo, kwa hiyo humtuma tarishi kwenda nje kwa fundi mwingine. Akitaka taarifa ya malipo igeuzwe kuwa PDF, humtuma kwa LibreOffice. Akitaka picha ipunguzwe, humtuma kwa ImageMagick. Akitaka nakala ya hifadhidata nzima, humtuma kwa programu iitwayo mysqldump.

Katika lugha ya PHP, ambayo tutaitumia kwa mifano yetu, tarishi hutumwa kwa kazi kama exec, shell_exec, system, passthru na proc_open. Katika seva za Linux amri hiyo hukabidhiwa kwanza kwa ganda, yaani programu ya sh, nayo ndiyo inayomtafuta fundi na kumwita.

Tarishi anaporudi huleta vitu vitatu. Cha kwanza ni jawabu lenyewe. Cha pili ni malalamiko, ambayo hupitia mlango wake tofauti na jawabu. Cha tatu ni namba ya kumalizia kazi, ambayo huwa sifuri ikiwa mambo yamekwenda sawa, na namba nyingine ikiwa hayakwenda. Chanzo kikubwa cha hasara ni kwamba waandishi wengi wa skripti humtuma tarishi wasimuulize chochote anaporudi. Hawatazami namba, wala hawasomi malalamiko. Huandika "Tayari" kwa kuwa tarishi ameondoka, si kwa kuwa kazi imefanyika.

2. KWA NINI KAZI YA JANA HUKATAA LEO?

Tuchukue mfano halisi. Mfumo wa Debian toleo la 11 ulitolewa Agosti 2021, ukiwa na PHP 7.4 na Python 3.9. Debian 12 ilitolewa Juni 2023, ikiwa na PHP 8.2 na Python 3.11. Uangalizi wa PHP 7.4 kutoka kwa watengenezaji wake ulikoma Novemba 2022, kwa hiyo chama kilichokuwa nayo kilikuwa na sababu njema ya kuhama. Lakini anayehama toka Debian 11 kwenda 12 hahamishi PHP peke yake. Huhamisha pamoja nayo programu zote za nje, maktaba zake, mafaili ya mipango na kanuni za ulinzi. Skripti ya chama haikuguswa hata herufi moja, ila dunia inayoizunguka imebadilika.

Jambo la kukumbuka ni hili: katika Debian kila toleo la PHP lina mafaili yake ya mipango. Mipango ya 7.4 ilikuwa katika saraka ya /etc/php/7.4, na ya 8.2 iko katika /etc/php/8.2. Marekebisho yote ambayo fundi aliyafanya kwa miaka mitatu hubaki katika saraka ya zamani, na toleo jipya huanza na mipango ya kiwandani.

3. HATUA YA KWANZA: USHAHIDI KABLA YA DAWA

Mkaguzi hafungui kesi kwa uvumi, na fundi naye asianze kubadilisha mambo kwa kubahatisha. Afanye kwanza haya manne.

Kwanza, asome kumbukumbu za makosa. Kwa Apache katika Debian zimo katika /var/log/apache2/error.log. Malalamiko ya amri za nje ambayo hakuna aliyeyapokea mara nyingi huangukia humo.

Pili, amlazimishe tarishi kusema yote aliyoyaona. Badala ya kuandika exec($amri) peke yake, skripti iandikwe hivi:

exec($amri . ' 2>&1', $maneno, $namba);
error_log('Namba: ' . $namba . ' ' . implode(' | ', $maneno));

Alama za 2>&1 huyaunganisha malalamiko na jawabu ili yote yafike mahali pamoja.

Tatu, aijaribu amri hiyo kwa jina la mtumiaji yuleyule anayeendesha seva. Huku ndiko wengi wanakopotea. Fundi huingia kwa jina lake au kwa jina la msimamizi mkuu, huandika amri, ikamkubalia, naye hutangaza kwamba seva ni nzima. Lakini seva ya tovuti haifanyi kazi kwa jina lake. Katika Debian na Ubuntu hufanya kazi kwa jina la www-data. Katika Red Hat na jamaa zake, kwa jina la apache. Jaribio lililo sawa ni hili:

sudo -u www-data env -i /usr/bin/soffice --version

Maneno env -i huondoa mazingira yote ya fundi, ili amri ijikute peke yake kama inavyokuwa ndani ya seva.

Nne, asiamini jaribio la PHP lililofanywa kwenye skrini nyeusi ya maandishi. PHP ya huko husoma faili tofauti la mipango na PHP ya tovuti. Kujua ni faili lipi linalosomwa, aweke kwa muda ukurasa wenye kazi ya phpinfo(), aufungue kwa kivinjari, asome, kisha aufute siku ileile, kwa maana ukurasa huo humwonyesha kila mpitaji siri za seva.

4. KUSOMA NAMBA ZA TARISHI

Namba 0: fundi anasema kazi imekwisha salama.
Namba 1 au 2: fundi alipatikana, lakini kazi ilimshinda. Soma malalamiko yake.
Namba 126: amri ilionekana, ila haikuweza kuendeshwa. Mara nyingi ni suala la ruhusa.
Namba 127: amri haikupatikana, au imepatikana na maktaba inayoitegemea haipo.
Namba zaidi ya 128: ganda linaripoti kwamba programu iliuawa kwa ishara. Toa 128 upate ishara yenyewe. Kwa mfano 137 ni 128 na 9, na katika seva yenye kumbukumbu ndogo huashiria mara nyingi kwamba mfumo umeiua programu kwa sababu ya kuishiwa nafasi.

Angalizo: zipo programu ambazo hurudisha sifuri hata pale ambapo hazikutoa kitu. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Tutalirudia jambo hili katika sehemu ya saba.

5. SABABU ZA KAWAIDA NA DAWA ZAKE

(a) Kazi imefungwa katika mipango. Faili la php.ini lina mstari uitwao disable_functions, ambao hutaja kazi zilizokatazwa. Wenye kukodisha seva hupenda kuitaja exec na jamaa zake humo. Katika PHP 7.4 skripti iliyogusa kazi iliyofungwa ilipata onyo tu na kuendelea. Tangu PHP 8.0 kazi hiyo huhesabiwa kama haipo kabisa: skripti husimama na kuandika "Call to undefined function exec()". Anayesoma maneno hayo hudhani PHP imeharibika, kumbe imefuata katazo. Dawa ni kutazama mstari huo katika faili la toleo jipya, kuondoa ile kazi moja tu inayohitajika, kisha kuiwasha upya seva. Ikiwa seva ni ya kukodi, uombwe uamuzi wa mwenye seva kwa maandishi.

(b) Njia haijulikani. Mtu aliyeingia kwenye seva ana orodha ndefu ya saraka ambamo amri hutafutwa. Seva ya tovuti ina orodha fupi, na PHP-FPM, kwa mipango yake ya kawaida, hufuta mazingira yote kabla ya kuanza kazi. Programu zilizowekwa katika /opt, au katika saraka ya mtu binafsi, huwa hazionekani. Dawa ni kuandika njia kamili: si soffice, bali /usr/bin/soffice. Na kama njia ina namba ya toleo ndani yake, kama ilivyo kwa LibreOffice inayowekwa katika /opt, ikumbukwe kwamba namba hiyo itabadilika kila toleo likipandishwa.

(c) Jina limebadilika au programu imeondoka. Tangu Debian 11 amri iitwayo python haimo tena kwa kawaida. Iliyopo ni python3. Skripti iliyoandika jina la zamani hupata 127. ImageMagick toleo la 7 lilileta amri moja iitwayo magick, na matoleo yake ya karibuni hutoa onyo kila mtu anapotumia jina la zamani la convert. Onyo hilo halizuii kazi, lakini skripti inayosoma jawabu pamoja na malalamiko huweza kulichukua onyo kana kwamba ni jawabu.

(d) Maktaba imebadilika. Programu iliyoletwa kwa mkono kutoka nje ya hazina ya Debian haihami pamoja na mfumo. Mfano mashuhuri ni wkhtmltopdf, ambayo hazina yake ilifungwa na watengenezaji mwaka 2023. Vifurushi vyake vilivyotengenezwa kwa Debian 11 hudai maktaba ya libssl.so.1.1, nayo Debian 12 ina OpenSSL ya 3. Matokeo yake ni 127, ingawa faili la programu lipo machoni pa kila mtu. Amri ya ldd huorodhesha maktaba na kuonyesha iliyokosekana. Kadhalika vipande vya Python vilivyowekwa kwa pip chini ya 3.9 havionekani na 3.11, skripti hulalamika "ModuleNotFoundError". Dawa ni kuviweka upya katika mazingira yaliyotengwa kwa skripti hiyo.

(e) Ruhusa na saraka ya nyumbani. LibreOffice huhitaji mahali pa kuandika mipango yake kila inapoanza. Mtumiaji www-data ana nyumba yake /var/www, ambayo kwa kawaida ni mali ya msimamizi mkuu, kwa hiyo hawezi kuandika humo. Huenda fundi wa zamani aliweka suluhisho katika /etc/apache2/envvars, na wakati wa kupandisha toleo mtu akakubali faili jipya badala ya lile la zamani. Dawa ni kuipa programu saraka yake mwenyewe ya kuandikia, kwa mfano:

/usr/bin/soffice -env:UserInstallation=file:///var/lib/chama/ofisi --headless --convert-to pdf ...

na saraka hiyo imilikiwe na www-data peke yake.

(f) Saraka ya muda iliyotengwa. Huduma ya Apache katika Debian huendeshwa na kanuni ya PrivateTmp, ambayo huipa /tmp yake pekee. Skripti huandika faili katika /tmp, fundi akitazama /tmp haoni kitu, na kazi ya usiku inayolitafuta faili hilo hailipati. Faili halikupotea, limo ndani ya saraka inayoanza na systemd-private. Dawa si kuondoa kanuni hiyo, bali kutumia saraka maalumu ya chama kwa mafaili yanayopita kati ya huduma mbili.

(g) Herufi zinazopotea. Kazi ya escapeshellarg hulinda maneno yanayopelekwa kwa ganda, na kila skripti inapaswa kuitumia. Lakini mazingira ya lugha yakiwa ni C, huzidondosha herufi zisizo za ASCII. Msomaji asidhani jambo hili ni la Wafaransa peke yao. Kompyuta nyingi huandika ng’ombe kwa alama iliyopinda, nayo alama hiyo si ya ASCII. Faili liitwalo ng’ombe.pdf litatafutwa kama ngombe.pdf, na litasemwa halipo. Dawa ni kuandika setlocale(LC_CTYPE, 'C.UTF-8') mwanzoni mwa skripti.

(h) Mlinzi amekataa. Red Hat na jamaa zake wana mlinzi aitwaye SELinux. Ubuntu na Debian wana AppArmor. Mlinzi huyu hukataa hata pale ambapo ruhusa za kawaida zinakubali. Amri ya ausearch -m avc -ts recent huonyesha alichokataa SELinux. ImageMagick nayo ina faili lake la ulinzi, policy.xml. Mwaka 2018 Ubuntu ilizuia humo kazi za PDF kwa sababu ya matundu yaliyoonekana katika Ghostscript. Anayesoma maneno "not allowed by the security policy" asitafute kosa katika skripti. Atazame faili hilo.

6. NJIA ZA MKATO ZISIZOFAA

Fundi anayebanwa na foleni ya wanachama wanaosubiri taarifa zao hushawishika kufanya moja ya haya: kutoa ruhusa ya 777 kwa saraka nzima, kumpa www-data uwezo wa msimamizi mkuu kwa njia ya sudo, au kumzima mlinzi kabisa. Mara nyingi kazi hurudi, na kila mtu hufurahi. Lakini alichofanya ni sawa na kung'oa mlango wa ghala kwa sababu ufunguo umepotea.

Hatari hii haikubuniwa na waoga. Septemba 2014 lilitangazwa tundu la ganda la bash, lililoitwa Shellshock, ambalo liliwawezesha watu wa mbali kuendesha amri zao kupitia seva za tovuti zilizoita ganda hilo. Mei 2016 likatangazwa tundu la ImageMagick, ambapo picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kubeba amri ndani yake. Katika visa vyote viwili mwizi aliingia kwa mlango uleule tunaouzungumzia leo, yaani amri ya nje. Seva ambayo www-data wake ana uwezo mdogo hupata hasara ndogo. Seva ambayo www-data amefanywa mfalme hupotea yote.

Kwa hiyo kila dawa iwe ndogo kama kosa lilivyo: saraka moja, kazi moja, amri moja. Na neno lolote linalotoka kwa mtumiaji wa tovuti lisiingizwe katika amri bila kupitia escapeshellarg.

7. KUHAKIKISHA KWAMBA KAZI IMEFANYIKA

Hii ndiyo sehemu ambayo kamati ya usimamizi inapaswa kuielewa hata kama haijui kompyuta.

Tufikirie akiba ya kila usiku. Amri inayotumiwa na wengi ni hii:

mysqldump chama | gzip > /akiba/chama.sql.gz

Mstari wa namna hii una mafundi wawili waliofungwa pamoja. Ganda hurudisha namba ya yule wa mwisho tu. Baada ya toleo kupandishwa, neno la siri likiwa limekataliwa, mysqldump hushindwa. Lakini gzip hufanya kazi yake barabara: hubana utupu, hurudisha sifuri, na faili linatokea lenye tarehe ya leo. Skripti huandika "Akiba tayari". Anayetazama orodha ya mafaili huona faili kila usiku. Asipotazama ukubwa, hajui kwamba kila moja lina baiti 20 tu, ambazo ni ganda tupu la gzip lisilo na chochote ndani.

Hali hiyo huweza kuendelea kwa miezi. Siku diski itakapokufa, chama kitakuwa na mafaili mengi ya akiba na kilo za msimu mzima hazimo hata katika moja. Mwanachama aliyepima kahawa yake mara kumi na mbili atabaki na stakabadhi zake za karatasi, na yule aliyezipoteza hatakuwa na la kuonyesha.

Dawa iko katika mambo manne.

Kwanza, usiwafunge mafundi wawili pamoja. Andika nakala katika faili kwanza, tazama namba, ndipo ulibane.

Pili, tazama ukubwa. Akiba ya leo isipungue sana kuliko ya jana bila sababu inayojulikana.

Tatu, tazama mwisho wa faili kabla ya kulibana. Kwa mipango ya kawaida, nakala iliyokamilika humalizika kwa mstari wenye maneno "Dump completed". Mstari huo usipokuwapo, kazi ilikatika njiani.

Nne, irudishe akiba. Angalau mara moja kwa mwezi, na kila mara baada ya kupandisha toleo, faili lirudishwe katika kompyuta nyingine, na hesabu za wanachama watano zilinganishwe na stakabadhi zao. Jaribio hili hufichua mambo ambayo hakuna namba inayoyaonyesha. Kwa mfano, mwaka 2024 matoleo mapya ya MariaDB yalianza kuweka mstari wa ulinzi mwanzoni mwa nakala, na programu za zamani zikashindwa kuusoma. Akiba ilikuwa nzima, lakini haikurudi katika mashine ya zamani. Ni heri jambo hilo lijulikane siku ya jaribio kuliko siku ya msiba.

Kanuni hiyohiyo itumike kwa taarifa za malipo. Skripti isiandike "Tayari" mpaka ihakikishe kwamba faili la PDF lipo, lina ukubwa unaofaa, na limetengenezwa dakika hii, wala si la mwezi jana.

8. KABLA YA KUPANDISHA TOLEO

(a) Tafuta amri zote za nje katika skripti zenu, kwa mfano: grep -rnE 'exec|system|passthru|proc_open|popen' /var/www. Andika kila moja: inaita programu gani, inaandika wapi, nani anaitegemea.
(b) Weka nakala ya saraka nzima ya /etc.
(c) Pandisha kwanza katika mashine ya majaribio, na uijaribu kila amri kwa jina la www-data.
(d) Chagua siku isiyo karibu na malipo.
(e) Baada ya kupandisha, tafuta mafaili ya mipango yaliyowekwa kando. Debian huyapa majina yanayoishia na .dpkg-old, .dpkg-dist, .ucf-old au .ucf-dist. Yalinganishe na yale mapya, mstari kwa mstari.
(f) Andika katika kitabu cha kumbukumbu: nini kilibadilishwa, na nani, na kwa nini. Fundi wa mkataba akiondoka bila kuandika, chama hubaki kama mtu aliyeachiwa nyumba yenye milango asiyoijua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika chama chenu, ni kazi zipi za kompyuta ambazo zikikwama kimya zingewaumiza wanachama kwanza?
2. Fundi anasema: "Nimejaribu amri mwenyewe, inafanya kazi." Mtamuuliza maswali gani matatu?
3. Skripti imerudisha 127, lakini faili la programu lipo mahali pake. Taja sababu moja inayoweza kuleta hali hiyo, na namna ya kuithibitisha.
4. Kwa nini namba sifuri haitoshi kuwa ushahidi wa akiba?
5. Mjumbe wa kamati anapendekeza ruhusa ya 777 "mpaka malipo yaishe". Mjibuni kwa hoja, si kwa kukataa tu.

KAZI YA VITENDO

Kabla ya mkutano ujao wa kamati, katibu na mhasibu wachukue faili la akiba la jana, wasome ukubwa wake, walifungue, watazame mstari wa mwisho, kisha walirudishe katika kompyuta nyingine. Wachague wanachama watano bila kupendelea, walinganishe kilo zao na stakabadhi, na matokeo yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano yakiwa na sahihi zao wawili.